Mshale Unaoanguka

Garissa, 18 Januari 1967

Fundi Komora,

Salaam aleikum. Idd imetukuta wazima, alhamdulillahi, ingawa tuliisali kwa haraka na tukiwa wachache. Mke wangu Batula anakusalimu. Anasema tangu uhamie Thika hatujaonja tena ndizi za maana kama zile za shambani kwa mama yako.

Nakuandikia kwa sababu ya lori la Mzee Olow. Unalijua kuliko mimi, maana tulilifungua pamoja mwaka ule wa mafuriko, tukalala chini yake wiki nzima kwenye matope. Sasa geji ya oili imeanza kunichezea. Asubuhi mshale unasimama mahali pake, arobaini au zaidi kidogo. Naenda vizuri, halafu ghafla unaanguka mpaka sufuri. Unalala pale kwa muda, kisha unaamka tena kama hakukuwa na neno. Sauti ya injini haibadiliki, au labda mimi siisikii kwa kelele za mapipa nyuma.

Zamani ningezima, nikafungua boneti, nikatafuta kwa utulivu. Siku hizi siwezi kusimama. Kwa ajili ya vita tunakwenda Ijara kwa msafara, Jumatatu na Alhamisi, askari mbele na askari nyuma, na amri ni moja tu: anayesimama anaachwa. Dereva mwenzangu Nunow alisimama mwezi wa kumi na mbili kubadilisha gurudumu. Alikuwa mwepesi wa mkono, unamkumbuka. Tulimkuta maiti siku ya tatu. Gurudumu alikuwa amekwisha kulifunga.

Basi niambie, walaal, ndugu yangu. Kama mshale unasema kweli nami nikaendelea, injini inakufa. Kama unadanganya nami nikasimama, ninakufa mimi. Nifanyeje?

Bahasha itakufikia imefunguliwa na wakaguzi, usishangae. Kiarabu changu kinawachukua wiki tatu kukisoma, kwa hiyo nimeandika Kiswahili ili sote tuelewe.

Ni mimi,
Korane

*

Thika, 27 Januari 1967

Kwa Korane, na kwa yeyote anayemsomea kabla yake, salaam aleikum.

Habari ya Nunow imeniumiza. Niliisoma nikiwa chini ya gari, nikalia pale pale, na wenzangu wakadhani oili imeniingia machoni. Sikuwaeleza. Huku Thika ukisema unatoka Garissa watu wanasogeza viti.

Sasa tumwangalie huyo ajuza, lori la Mzee Olow. Geji yake si ya umeme. Ni kipaipu chembamba cha shaba kinachotoka ubavuni mwa injini hadi kwenye dashibodi, na oili yenyewe inapita humo na kuusukuma mshale. Kipaipu kikibonyea au kikilegea, mshale unaanguka na injini ni nzima kabisa. Lakini pampu ikikosa oili, mshale unaanguka vilevile, na hapo una dakika chache tu kabla injini haijanoki na kufa. Ukiutazama mshale peke yake huwezi kujua ni lipi.

Ndiyo maana daktari huuliza kwanza. Unaanguka lini? Injini ikiwa baridi au moto? Ukisimama huku injini ikinguruma taratibu? Ukifunga breki? Ukipita kwenye mashimo? Kuhusu kupanda mlima sikuulizi, maana barabara ya Ijara naijua, ni tambarare kama mkeka. Mlima mrefu kuliko yote huko ni kichuguu.

Pia fanya hivi. Mbele ya nyumba yako, fungua kile kipaipu nyuma ya geji, washa injini kwa sekunde chache, uone oili inatokaje. Ikiruka kwa nguvu, pampu ni nzima na geji ndiyo mwongo. Usivae shati jipya.

Jibu ukweli mtupu, maana mimi siwezi kulisikia gari kutoka huku. Masikio yangu ni maneno yako.

Ndugu yako,
Komora Hiribae

*

Garissa, 6 Februari 1967

Fundi Komora,

Salaam aleikum. Nilifanya kama ulivyosema. Oili iliruka ikanipiga kifuani, na Batula alicheka kwanza, kisha akakasirika kwa sababu shati lilikuwa la Idd. Iliruka kwa nguvu nzuri. Niliangalia na kijiti cha kupimia: oili imefika kwenye alama.

Umeuliza mshale unaanguka lini. Unaanguka pale barabara ilipojikunja kama bati, tukitetemeka. Ni hapo tu. Si mahali pengine popote.

Jua ni kali sana mwaka huu. Mabwawa yamekauka yote upande wa Ijara. Mifugo iliyoingizwa katika vijiji vipya vya serikali vyenye seng'enge inakufa hapo hapo kwenye seng'enge, kwa kuwa malisho yaliisha wiki ya kwanza. Mama yangu hajambo.

Niletee jibu upesi kama unaweza.

Korane

*

Thika, 15 Februari 1967

Korane, salaam aleikum.

Basi lala usingizi. Oili imeruka, kijiti kinaonyesha imejaa, na mshale unaanguka kwenye matetemeko peke yake. Huo ni ugonjwa wa kipaipu au wa geji yenyewe, si wa injini. Shaba ikizeeka hupasuka ufa mwembamba hata jicho halioni, na gari likitetemeka ufa unafunguka.

Mchukuzi wa barua hii anakuletea kifurushi: kipaipu kipya, na geji nyingine nzuri. Geji nimeipima mwenyewe hapa gereji, iko sawa. Funga vyote viwili, kaza kwa mkono kwanza kabla ya spana, na kipaipu ukifunge kamba mahali pawili kisichezecheze.

Mpe Batula pole ya shati. Msalimu na mama yako, Mama Hinda. Mwambie sijasahau maziwa yake ya ngamia, na tumbo langu pia halijasahau.

Komora

*

Garissa, 27 Februari 1967

Fundi Komora,

Salaam aleikum. Kifurushi kimefika, Mungu akulipe. Nimefunga kipaipu na geji. Siku za kwanza furaha. Lakini Alhamisi mshale wa geji mpya umeanguka, mahali pale pale ulipokuwa ukianguka ule wa zamani. Umelala sufuri, kisha umeamka.

Geji mbili, neno moja. Nimekuwa nikiwaza.

Acha nikuulize jambo la kijinga, usinicheke. Tuseme barabara hii ingekuwa na mahali pa kupanda. Si mlima, ni ukingo tu, pua ya gari ikatazama juu kwa muda mfupi, na gari limebeba mzigo mzito. Mshale ukaanguka hapo. Ungesemaje?

Nauliza tu.

Korane

*

Thika, 7 Machi 1967

Korane wangu, salaam aleikum.

Nimekucheka, na bado nacheka. Ukingo! Kati ya Garissa na Ijara! Ukiupata huo ukingo uniite nije nisimame juu yake niione Mombasa. Jua limekupanda kichwani, ndugu yangu, au umeanza kuota unaendesha Nyeri.

Sikiliza nikuambie. Geji zote mbili ni za zamani, na vitu vya zamani vina tabia moja. Mama yangu ana kuku mmoja kule mtoni, mweusi, hana mkia. Kila siku anapiga kelele kwamba mwewe amekuja. Mwanzoni tulikuwa tunatoka mbio na fimbo. Kila tukitoka ni kunguru amekaa juu ya paa. Siku hizi akipiga kelele mama anamfunika kwa kikapu, na nyumba inatulia.

Mshale wako ni yule kuku. Oili imeruka mpaka ikakuharibia shati, sasa unataka ushahidi gani tena? Chukua kitambaa, ufunike, uendeshe. Usisimame. Hasa hilo: usisimame. Sitaki kusoma barua nyingine kama ile ya Nunow.

Idd kubwa inakuja. Nichinjie kwa nia, hata kama ni kuku.

Komora

*

Garissa, 16 Machi 1967

Komora, walaal,

Barua hii anakuletea Kerrow mkononi. Amepata kibali cha kupeleka ngozi Thika. Haikupita posta, kwa hiyo leo naweza kuongea nawe kama tulivyoongea chini ya lori mwaka wa mafuriko.

Nilicheka kwa kuku wa mama yako mpaka machozi. Nimefunika geji. Batula amekata kipande cha mtandio wake. Lakini nilikudanganya, na tangu nikudanganye silali vizuri.

Mshale hauanguki kwenye matetemeko. Haujaanguka hapo hata siku moja. Unaanguka nikipanda.

Mama yangu alikataa kuingia kwenye kijiji cha seng'enge. Alisema mbuzi wake watakufa humo, na kweli wa wenzake wamekufa. Alibaki nje yeye na wazee wachache na binti wa dada yangu, Nimo, upande ambao mtu haruhusiwi kuonekana. Bwawa lao lilikauka mwezi wa kumi na mbili. Pale Ijara, msafara ukipumzika, mimi nina ruhusa ya kuchota maji kisimani kwa ajili ya mji. Najaza mapipa manane. Manne nayashusha mjini. Manne naondoka nayo, mwendo wa saa moja porini, nayapeleka kwa mama, kisha narudi kabla msafara haujaondoka. Njiani kuna laga, mto mkavu, unashuka na kupanda tena. Ukingo wa upande wa pili ni mkali sana. Hapo ndipo mshale unaanguka, nikiwa na mapipa yamejaa. Nikifika juu unaamka.

Ningekuandikiaje hivi kwenye barua inayofunguliwa? Wangejua kuna laga, wangejua kuna watu. Batula alinisihi nisiandike. Ndipo nikasema matetemeko, nikadhani kwa fundi ni mamoja, geji ni geji. Halafu nikaona jibu lako linakwenda upande mwingine, nami nikashindwa kulirudisha. Nilijaribu na lile swali la ukingo. Hukunielewa, na kosa si lako.

Sasa nauliza kama mtu mzima, jibu umpe Kerrow. Je, ni geji au ni injini? Jumatatu msafara unatoka, na ni safari ya mwisho kabla ya Idd. Nitakwenda. Mama ana maji ya siku nne tu. Lakini nikijua, angalau nitajua.

Inshallah kheri.

Korane

*

Thika, Jumapili, 19 Machi 1967

Korane, Korane,

Usiende. Kama barua hii imekupata kabla hujawasha, usiwashe.

Ni injini. Mshale unasema kweli, na ulisema kweli tangu siku ya kwanza. Ndani ya sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, kuna chujio ambalo pampu inavutia oili. Paipu ya chujio hilo imelegea au imepasuka juu. Gari likiwa sawa, oili inaifunika na yote ni heri. Pua ikiinuka, oili yote inakimbilia nyuma, chujio linabaki linanyonya hewa. Ndiyo maana iliruka vizuri mbele ya nyumba yako. Mbele ya nyumba yako hakuna ukingo! Kila ukipanda, beringi zinakauka. Umepanda mara ngapi tangu Januari? Siku moja hazitaamka.

Dawa yake ni kushusha sampu na kukaza ile paipu. Ni kazi ya nusu siku, wewe mwenyewe unaijua. Kama lazima uende kabla ya hapo, ongeza oili nusu galani juu ya alama. Najua nilikufundisha usifanye hivyo kamwe. Fanya. Itasaidia kulifunika chujio mpaka ufike juu. Na utoe kile kitambaa.

Nami nilikudanganya. Geji niliyokutumia sikuipima. Niliing'oa kwenye gari bovu nyuma ya gereji, nikaona haya kukutumia kitu bila kusema ni kizuri. Uliposema geji mbili neno moja, fundi mwenye akili angestuka. Mimi nilidhani nimekutumia bovu juu ya bovu, nikaficha aibu yangu kwa mzaha wa kuku.

Nilifikiria simu ya maandishi, lakini karani angeuliza ukingo gani, na wangeuliza wengine. Kerrow kibali chake kinasema arudi Jumanne, si kabla. Nimemwomba, nimemshika mkono, anasema akionekana njiani kesho watamfunga. Jumanne. Naomba Mungu msafara uchelewe kama unavyochelewa siku zote.

Komora

*

Garissa, 4 Aprili 1967

Kwa Bwana Komora Hiribae,

Assalaam aleikum warahmatullah. Mimi ni Warfa, mwalimu wa madrasa. Ninaandika kwa niaba ya Bi Batula, mke wa marehemu Korane, naye ameniamuru niandike maneno yake kama yanavyotoka kinywani, nisiyatengeneze. Barua hii pia inakuja na Kerrow.

Anasema hivi:

“Fundi, Korane amekufa. Ile siku ya Jumatatu. Barua yako Kerrow alileta Alhamisi, tumeshamaliza matanga. Maalim alinisomea. Nilisema soma tena hapo kwa oili nusu galani. Akasoma tena. Fundi, nyuma ya kiti ya Korane kulikuwa na kopo ya oili, galani mzima, haijafunguliwa. Mimi mwenyewe niliweka hapo asubuhi.

“Mama Hinda alikuwa upande ile ingine ya laga, aliona yote. Lori ilipanda mpaka karibu juu, ikapiga kelele kama mtu anagonga sufuria, ikanyamaza. Korane alishuka. Aliita wao wakuje na madumu wachote maji kwa mapipa upesi, waende mbali. Walichota. Mama alisema twende na wewe. Akasema hii lori ni amana ya Mzee Olow, siwezi kuacha porini. Akalala chini yake na spana. Wao wakaenda na maji. Halafu walisikia bunduki. Nani alipiga, wengine wanasema watu wa msituni, wengine wanasema askari. Mimi sikuuliza. Kitambaa yangu walinirudishia.

“Mimi ndiye nilimwambia asiandike hiyo maneno ya laga. Nilisema wataua mama. Nilitaka kulinda mama, nikamfunga Korane mdomo. Wewe huko ulikuwa unatibu ugonjwa ingine.

“Sasa Mama Hinda iko hapa kwangu. Mbuzi zimekwisha. Hali chakula. Kila siku anasema mwanangu amekufa kwa kiu yangu, ningeingia kwa seng'enge angekuwa hai. Fundi, nataka vitu mbili. Mimi nataka ukweli: kama Korane angekaa kwa barabara tu, hangepanda ile ukingo, lori ingekufa? Mama nataka apate kula. Andika karatasi ya kumsomea yeye. Andika ile lori ingekufa mahali popote. Wewe ni fundi, atakuamini.”

Mwisho wa maneno yake. 

Warfa Maalim

*

Thika, 14 Aprili 1967

Maalim Warfa, wa aleikum salaam warahmatullah.

Katika bahasha hii mna karatasi mbili. Hii ya kwanza msomee Batula akiwa peke yake. Ya pili ni ya Mama Hinda.

Batula, shemeji yangu, umeniomba ukweli. Kwenye barabara ya tambarare lori lile lingeendelea mwaka mzima, pengine miwili. Ukingo ndio ulioliua. Ndio ukweli, na najua unavyokata.

Lakini usijifunge mzigo wote peke yako. Ulimfunga mdomo kwa woga, na woga wako ulikuwa na haki. Mimi nilikuwa Thika, hakuna aliyenitisha, nikadanganya kwa ajili ya geji. Mumeo aliniuliza waziwazi kuhusu ukingo. Jibu nililijua. Kila fundi analijua. Lilikuwa kichwani mwangu siku ile nilipokuwa nikicheka, na lingechukua mstari mmoja tu kuliandika: kama ni kupanda, fungua sampu. Sikuuandika kwa sababu nilijiona naijua barabara kuliko dereva wake.

Nimeacha kazi ya gereji kwa sasa. Spana zangu nimezifungia sandukuni. Nisamehe ukiweza. Usipoweza nitaelewa.

Komora

(Hii isomwe kwa Mama Hinda.)

Mama yangu Hinda, salaam aleikum.

Ni mimi Komora, Mpokomo yule uliyemnywesha maziwa ya ngamia akaugua siku mbili. Nakupa pole ya mwanao. Alikuwa ndugu yangu. Tulijifunza kazi chini ya lori moja, tukila sahani moja.

Nimekuandikia kama fundi, kwa jambo ninalolijua. Lori lile lilikuwa limeharibika ndani tangu Januari. Lingekufa popote. Lingekufa barabarani katikati ya msafara, lingekufa mlangoni kwa Mzee Olow. Laga haikuliua, na maji uliyokunywa hayakuliua. Kama ungekuwa umeingia kwenye seng'enge, mwanao angekwama siku hiyo hiyo mahali pengine, na huko asingekuona.

Mwenye kosa ni mimi. Korane alinieleza yote, hakuacha kitu. Aliniuliza mara tatu kama mshale ule ni wa kuaminiwa. Mara tatu nilimwambia aendelee, na mara ya mwisho nilimwambia aufunike kwa kitambaa. Alinisikiliza kwa sababu aliniheshimu. Ukitaka kumlaani mtu, mlaani fundi. Usijilaani wewe, naye asilaaniwe kwa kukuletea maji. Kukuletea maji ndilo lilikuwa jambo zuri kuliko yote aliyoyafanya na lori lile.

Kula, mama. Nakuomba kama mwanao wa pili.

Komora Hiribae

*

Garissa, 29 Aprili 1967

Bwana Komora,

Assalaam aleikum. Karatasi ya Batula nimemsomea. Aliitia ndani ya Msahafu, kisha akanituma nikuambie kwamba amekusamehe na kwamba urudi kazini.

Karatasi ya Mama Hinda niliisoma barazani kwa Batula baada ya sala ya alasiri. Alisikiliza mpaka mwisho. Akasema nisome tena pale Korane anapouliza mara tatu. Nilipasoma mara nne, nadhani alitaka kulisikia jina la mwanawe. Kisha akasema, nami nakuandikia kama alivyosema:

“Huyu kijana ni mwongo. Mimi ni mchungaji, najua mnyama mgonjwa na najua mnyama anakataa mzigo. Hiyo lori nilisikia miezi mitatu. Kwa uwanja ilikuja inaimba. Kwa ukingo tu ndiyo ilikuwa inalia. Nilimwambia Korane, gari yako inakohoa hapa. Najua kilichoua mwanangu. Lakini mwambie, uwongo wake nimepokea. Ametafuta kunibebea mzigo.

“Na mwambie kitu ingine. Ile safari ya mbele ya hiyo ya mwisho, Korane alikuja na kitambaa kwa dashibodi. Nikauliza ni nini. Akanihadithia kuku. Kuku mweusi, hana mkia, analilia mwewe na ni kunguru, na mama yake fundi anamfunika kwa kikapu. Alicheka, akakaa chini kwa mchanga anacheka, na mimi nikacheka, na Nimo, na wazee wote. Hapo porini, mbuzi zinakufa, tulicheka mpaka tukashika mbavu. Tangu vita vianze sikuwa nimemwona mwanangu akicheka. Hiyo imetoka kwa fundi. Mwambie nimeiweka.”

Jana alikunywa chai ya maziwa vikombe viwili, na leo amekula kidogo.

Anauliza pia kama kuku yule wa mama yako bado yuko hai.

Wako,
Warfa Maalim